Mwonjaji wa Mama Mizani

Sehemu ya Tisa

Mlango wa stoo haukulia. Hilo ndilo lililowaponza.

Tulimwacha Mkamwana kizingitini, mkono kwenye kitasa, harufu ya maganda ya machungwa ikimpiga usoni. Harufu ileile aliyoinusa kwenye mashati ya mumewe majuma mazima, akajiaminisha kwamba kuna mwanamke mahali fulani mpenda machungwa. Laiti angekuwa mwanamke. Mwanamke anafukuzwa.

Ndani, mumewe, Fundi Cheche, mchomeleaji mageti, amekaa juu ya kreti la soda, buti la kushoto amelivua, sigara mdomoni. Na aliyemshikia kiberiti ni mama yake mzazi.

Wote watatu waliganda. Njiti iliendelea kuungua mpaka ikaufikia ukucha wa mama, na mama hakutikisika. Akaipuliza taratibu.

"Funga mlango, mwanangu," alisema. "Moshi unatoka nje."

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kukaa nasi, shika haya machache upesi. Fundi Cheche alizaliwa na vidole vitano mguu wa kushoto. Sasa anavyo vitatu. Daktari alimwambia mbele ya mkewe kwamba sigara imemsinyaza mishipa, na kwamba ugonjwa huu hauna habari ya kupunguza. Ni kuacha kabisa, au kukatwa kidogo kidogo: vidole, wayo, goti. Je, aliacha? Wapi. Alitoka hospitali akaomba kiberiti getini.

Kilichomwachisha ni bei. Serikali ilipandisha kodi, pakiti ikawa ghali maradufu. Haijapoa hiyo, ikapigwa marufuku kuuza sigara moja moja, na pakiti zikaamriwa zikae nyuma ya pazia, zisionekane. Mtu aliyezoea kuchukua moja asubuhi na moja baada ya chakula akaambiwa achukue pakiti nzima au aende zake.

Wengi wakaenda. Mshona viatu wa pale kona alihamia kwenye ugoro, akawa anapiga chafya mpaka wateja wanamwombea dua. Mafundi watatu wa gereji walichanga pakiti moja, wakapigana kabla ya jioni, kila mmoja akiapa kwamba mwenzake ndiye mwenye mapafu makubwa. Na Fundi Cheche, aliyekuwa anaweka akiba ya kuhama, alikaa chini akapima: sigara au karakana. Maana rafiki yake wa zamani alikuwa amempatia nafasi ya karakana katika mji mwingine, mbali na mama, na Mkamwana alikuwa ameshaanza kufunga vyombo kwenye magazeti.

Akaacha. Kidonda kikaanza kufunga. Mkamwana, ambaye hajawahi kuisifu serikali hata kwa bahati mbaya, siku hiyo aliisifu kwa sauti akiwa anafua.

Kisha kidole cha tatu kikaanza kugeuka rangi.

Ndiyo maana leo Mkamwana yuko mlangoni.

Akaufunga mlango, kama alivyoambiwa. Akamuuliza mumewe, si kwa ukali, ni muda gani. Mumewe akaangalia sakafu. Aliyejibu ni mama mkwe, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Mizani kwa kuwa tangu afungue duka hajawahi kumpunjia mtu wala kumzidishia punje.

Alieleza kwa utulivu wa mtu anayemfundisha mfanyakazi mpya. Pakiti zenye stempu ya kodi hazina faida tena. Anayezinunua ni mwenye gari. Basi yeye analetewa za njia ya vichochoro, zisizo na stempu. Anazitia kwenye makopo pamoja na maganda ya machungwa ili zipate unyevu, maana hufika kavu kama majani ya ufagio. Zikishalainika anazipanga ndani ya pakiti za zamani zenye stempu, anazitunza chini ya kaunta, kila mteja na pakiti yake. Mteja anakuja kuchukua moja moja kutoka kwenye "mali yake mwenyewe". Hauzi moja moja, hapana. Yeye anatunza amana.

Tatizo ni kwamba kila mzigo unakuja na ladha yake. Mmoja mchungu, mwingine una harufu ya godoro. Ukimpa mteja kitu hicho akagundua, umekwisha. Panahitajika mdomo unaoikumbuka ladha ya ile halisi, useme huu upite, huu usubiri.

"Mimi sivuti," alisema Mama Mizani. "Nimwajiri mtu wa nje aonje, kesho anitangaze?"

Mkamwana alisema kwamba mama bila shaka hajauona mguu. Labda angeuona angebadili nia.

"Mguu huo niliuzaa mimi. Usinioneshe."

"Utakatwa, mama."

"Mchomeleaji anafanya kazi amekaa." Mama Mizani alifunika kopo, akakikaza kifuniko kwa kiganja. "Na tena nikwambie, mke wa mwanangu, kwa kuwa umeingia mwenyewe bila hodi. Mwenye miguu miwili alitaka kunihama. Mwenye mmoja atakaa na mama yake."

Hapo Mkamwana alimgeukia mumewe. Alimtazama akisubiri aseme neno, lolote, hata uongo. Mtu amesikia kwa masikio yake bei aliyowekewa mguu wake.

Fundi Cheche alivuta. Mbele ya mkewe, mbele ya kidole chake cheusi, akavuta mpaka mashavu yakaingia ndani. Akashusha moshi puani, akafumba jicho moja kama anavyofanya akipima geti kama limenyooka.

"Hii bado kavu," alimwambia mama yake. "Irudishe kwenye maganda."

*

Jioni ile Mkamwana aliuosha mguu kama kawaida.

Alikuwa na beseni lake, kitambaa chake safi na dawa yake. Buti hakuligusa; hajawahi kuligusa. Fundi alikuwa mkali juu ya buti. Alilitia matambara upande wa mbele kuziba nafasi ya vidole visivyokuwapo, na hakutaka mkewe aone hayo matambara. Ni aibu ya mwanamume, Mkamwana alijiambia, mwache na aibu yake. Kila jioni buti lililala nje ya mlango, upande wa ukuta.

Akiwa anakausha katikati ya vidole, akamweleza mumewe kitu ambacho mtu mwenye akili angekifunga moyoni.

Alimwambia kesho asubuhi atakwenda kwa mkaguzi wa kodi.

Usimlaumu upesi. Alikuwa na hesabu yake. Alitaka mumewe awe upande wake kabla ya vurugu, asikute nyumba inapekuliwa akadhani mkewe ni mchawi. Alimwambia stoo ikifungwa, ladha itakwisha mtaani. Bei ya dukani hawaiwezi, mama hatakuwa na cha kumwonjesha, kidonda kitafunga, watahama. Aliyapanga maneno yote hayo kwa upole, goti kwa goti.

Fundi Cheche alilia. Alilia machozi ya kweli, tusimdhulumu. Akamshika mkewe kichwa kwa mikono yake miwili iliyojaa makovu ya cheche, akasema amechoka kuwa mbwa wa mama yake, na kwamba yeye mwenyewe angekwenda kwa mkaguzi laiti angekuwa na ujasiri. Akamwambia alale.

Mkamwana akalala usingizi ambao hajaupata mwezi mzima.

Naye Fundi alikwenda chooni. Choo cha nyumba ile kiko nyuma, na ukienda chooni unapita dirisha la mama. Hakukaa sana dirishani. Alisema neno moja tu kuhusu mkaguzi, na mkono ukatoka dirishani kumlipa, na ulichomlipa kilikuwa kimeshawashwa.

*

Asubuhi Mkamwana aliamka kufagia, na ufagio ukamwambia habari zote.

Huyu binti si msomi. Aliishia darasa la saba, na hata hapo hakuna aliyemkumbuka. Lakini ana jicho la kukaa kimya. Mwenye kufagia nyumba ya mtu kila asubuhi anaijua kuliko aliyeijenga. Aliona unga kidogo umemwagika pembeni ya pipa, wakati yeye ndiye aliyelifunika jana na hakumwaga. Aliona gunia la mkaa limegeuka, mshono wake sasa umeangalia ukuta. Juu, kwenye kona ya dari, utando wa buibui aliokuwa anauhurumia kwa uvivu ulikuwa umekatika, na chini yake miguu ya ngazi imeacha alama mbili kwenye vumbi.

Stoo imehamishwa.

Basi amesema. Mumewe amesema.

Hakulia. Alifagia mpaka mwisho, akazoa taka, akamwaga. Alihesabu kimoyomoyo: pipa, gunia, dari. Mama ametawanya mali mahali patatu akidhani ameificha. Aliangalia kila kona ya nyumba ile isipokuwa pale anapolala mwenyewe, kwa sababu nani huchungulia chini ya kitanda alichotoka kukilalia?

Hilo ndilo kosa lake. Sasa twende haraka.

Ofisi ya mkaguzi ilikuwa na benchi moja, feni moja iliyokuwa inazunguka kwa kulazimishwa, na mkaguzi mwenyewe, mtu mzima mwenye tumbo dogo na kijiti cha meno mdomoni. Alimsikiliza bila kuandika. Alimuuliza mwenye duka ni nani wake. Akasema ni mama mkwe. Mkaguzi akatoa kijiti, akakiangalia, akakirudisha.

"Unajua mimi kijiti hiki ni cha nini?" aliuliza. "Nimevuta miaka yangu yote. Bei ilipopanda, mke wangu akaniambia nichague, sigara au nyama. Sasa natafuna mti kama mbuzi." Akainuka kuchukua funguo za gari. "Haya. Tukamwone huyo anayewarahisishia wenzangu maisha."

*

Mama Mizani aliwapokea kama wageni wa heshima. Aliwavutia viti. Alimwambia mkaguzi pole na jua. Alifungua stoo kabla ya kuulizwa, na stoo ilikuwa imepigwa deki, makreti ya soda yamepangwa, harufu ya sabuni tupu.

Chini ya kaunta, pakiti za amana zilikuwa nane, zote halisi, zote zimefungwa bado, zote na stempu. Pazia limeteremshwa kama sheria inavyotaka. Mkaguzi alizigeuza moja moja, akazirudisha. Alimtupia Mkamwana jicho la mtu aliyepotezewa petroli.

Mkamwana alikuwa anafungua mdomo aseme pipa, gunia, dari. Mama Mizani akamwahi.

"Bwana mkaguzi, mimi ni mzazi, inaniuma kusema." Aliinamisha kichwa. "Hii nyumba ina chumba kingine. Sijawahi kuingia chumba cha watoto wangu, ni adabu. Lakini wewe una ruhusa."

Chini ya kitanda cha Mkamwana, nyuma ya vyombo alivyovifunga kwenye magazeti kwa ajili ya kuhama, kulikuwa na katoni mbili zisizo na stempu hata ya dawa.

Mkaguzi alizivuta kwa mguu mpaka katikati ya chumba. Vikombe vya Mkamwana vikagongana ndani ya magazeti.

"Za nani hizi?"

Fundi Cheche alikuwa ameegemea mwimo wa mlango, uzito wote kwenye mguu wa kulia. Mkaguzi akamuuliza yeye. Akamwambia ajibu vizuri, maana anaishi chumba hiki, akikosekana mwenyewe atabeba yeye.

Mkamwana alimtazama mumewe. Alikuwa bado na harufu ya dawa ya mguu wake kwenye vidole.

Nyuma ya bega la Fundi, mama yake alikuwa ametulia, mikono ameiingiza kwenye mfuko wa aproni. Kati ya wanawake wale wawili mmoja alikuwa na ahadi ya mguu, mwingine alikuwa na sigara ya leo. Mwanamume alichagua haraka kuliko hata mama yake alivyotarajia.

"Ni za huyu," alisema, akamwonesha mkewe kwa kidevu. "Mimi nilimkataza."

Nilimkataza! Mtu ambaye pua yake ilikuwa bado inatoa moshi wa asubuhi.

Mama Mizani akashusha pumzi ya huzuni, akatikisa kichwa, akamwambia mkaguzi kwamba vijana wa siku hizi wanataka mali ya haraka. Na mkaguzi, ambaye alikuwa na njaa na hakutaka kesi ndefu, akalegeza. Alimweleza Mkamwana kwamba kwa katoni mbili hamfungi mtu. Anazichukua, anamtoza faini, anamwonya, mambo yanaisha hapa hapa. Aseme tu ni zake.

Kumbe kila kitu kilikuwa kimepimwa. Mama Mizani hakuweka katoni kumi. Aliweka mbili, uzito wa kumwaibisha mkamwana na kumnyamazisha, si uzito wa kumpandisha mtu garini. Faini italipwa kwa akiba ya kuhama. Mzigo mkubwa utabaki. Kesho makopo yatarudi stoo, na Fundi atarudi kwenye kreti lake.

Mkamwana alilielewa lote hilo akiwa amesimama juu ya vikombe vyake.

Akajikaza. Akamtazama mkaguzi usoni.

"Ni zangu," alisema.

"Vizuri."

"Na si hizo tu."

Mkaguzi aliyekuwa ameshainama kuokota katoni alibaki hivyo hivyo, mkono hewani.

"Kwenye pipa la unga pia ni zangu," alisema Mkamwana. "Na kwenye gunia la mkaa. Na darini. Twende nikuoneshe, nisije nikaonekana mwongo."

Sasa msomaji, tazama uso wa Mama Mizani. Maisha yake yote hakuwahi kukosa neno. Aufungue mdomo aseme nini? Aseme si zake, ni zangu? Ajipandishe kwenye gari mwenyewe?

Pipa likafunuliwa. Mkamwana aliingiza mkono mpaka begani, akatoa makopo yamejaa unga kama samaki wa kukaangwa. Gunia likamwagwa uani, mkaa ukatawanyika, katoni zikatoka nyeusi. Kila kopo likifunguliwa, ganda la chungwa liko juu, limejikunja. Mafundi wa gereji wakaja kuangalia. Wakaona ladha yao ya mchana inapakiwa kwenye gari, mmoja akavua kofia kabisa.

Ilipofika zamu ya dari, Mkamwana aliegemeza ngazi ukutani, akamgeukia mama mkwe.

"Mama, nishikie ngazi. Nisije nikaanguka."

Mbele ya mkaguzi, mbele ya majirani, Mama Mizani alishika ngazi. Aliishika kwa mkono mmoja, na kila katoni iliyoshuka ilipita mbele ya pua yake, kwa kuwa mkaguzi alikuwa upande wa pili na hapakuwa na mtu mwingine wa kupokea. Alipokea mali yake kwa mkono wake akaipeleka garini kwa mguu wake.

"Umenimaliza," alimnong'oneza mkamwana alipokuwa anashuka.

"Mguu huo uliuzaa wewe, mama. Mimi nimeolewa nao."

Mkaguzi alikuwa amekwisha kuacha kutafuna. Alisema, sasa bila kulegeza, kwamba mali hii haina faini. Mali hii ina mahabusu. Akamuuliza kwa mara ya mwisho, na alimuuliza kwa namna ya mtu anayemwachia mlango wazi, kama ana hakika ni zake zote. Mkamwana alimwangalia mumewe, ambaye sasa alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango akisugua goti.

Kama mtu angesimama hapo akasema "mke wangu hahusiki", hadithi ingeisha leo.

Fundi Cheche alikuwa anaangalia gari lilivyojaa. Machoni mwake kulikuwa na msiba, lakini si msiba wa mke.

"Zote," alisema Mkamwana. Akapanda.

*

Kiti cha mbele, karibu na dereva. Mkaguzi alikuwa anaendesha mwenyewe; hakumfunga pingu. Nyuma makopo yalikuwa yanagongana. Mkamwana aliweka mikono mapajani, ikiwa na unga na masizi, na kwa mara ya kwanza tangu kidole cha tatu kibadilike rangi, alihisi amani. Watamweka ndani, sawa. Lakini nyumba ile haina hata kipisi. Bei ya dukani mumewe haiwezi, mama hatagusa akiba yake kumnunulia za dukani, na amana haipo tena. Atapiga kelele siku chache, atatapika, atamtukana kila mtu. Kisha kidonda kitafunga. Amemnunulia mguu. Ameulipia.

Gari lilianza kutoka uani, taratibu, kwa sababu ya watu. Kioo cha pembeni kikamletea mlango wa duka mara ya mwisho.

Mama Mizani alikuwa ameketi kwenye kiti chake. Mwanamke aliyepoteza mali kiasi kile angekuwa chini anagaragara. Yeye alikuwa na kisu kidogo mkononi. Alikuwa anamenya chungwa.

Mkamwana alikunja uso.

Miaka yote aliyokaa nyumba ile hajapata kumwona mama mkwe akila chungwa. Linamtia ganzi ya meno. Humwambia hivyo kila anayemkaribisha. Machungwa ya nyumba ile hununuliwa kwa ajili ya maganda, na maganda ni kwa ajili ya sigara. Na sigara zote zimo humu garini.

Zote?

Ganda lilitoka refu, bila kukatika. Mama Mizani aliliacha chungwa lenyewe lianguke chini, likabiringika mpaka kwenye mkaa. Ganda akampa mwanawe.

Fundi Cheche alilipokea bila kushangaa. Akainama. Akaanza kulegeza kamba za buti la kushoto.

Alilivua buti, akavuta matambara, tambara la kwanza, la pili, yale ambayo mkewe hakuruhusiwa kuyaona. Akaingiza mkono ndani mpaka mwisho kabisa, pale palipokuwa na vidole viwili, na kutoka kwenye nafasi hiyo akatoa kifurushi cha nailoni kilichofungwa kwa mpira. Akakifungua. Akalaza ganda jipya juu yake, kwa upole, kama anavyofunikwa mtoto.

Kila jioni ameuosha mguu ule. Kila jioni sigara zimelala nje ya mlango wake, upande wa ukuta.

Sauti iliyomtoka Mkamwana haikuwa neno. Mkaguzi aligeuka, akafuata macho yake, lakini yeye kioo chake kilikuwa kimejaa makopo. Akapunguza mwendo. Mguu wake ukawa juu ya breki, haujakanyaga.

"Kuna nini huko nyuma? Umeona nini?"

Akisema, mkaguzi atarudi, na mumewe, aliyeshika mali isiyo na stempu mchana kweupe mbele ya watu, atakaa kwenye gari hili hili, njia ya mahabusu, na kule hakuna wa kuosha kidonda. Asiposema, kile kifurushi kitavutwa leo, na mama atajua pa kupata kingine kesho, na mguu utakatwa yeye akiwa ndani anaukomboa.

"Binti, nakuuliza. Nirudi, nisirudi?"

Kwenye kioo, Mama Mizani alikuwa ameinua uso. Alikuwa anamtazama moja kwa moja, na alikuwa ameanza kutabasamu, na mkononi alikuwa na njiti ya kiberiti, bado haijawashwa.

Mkamwana akafungua mdomo.